Kamba Mbili za Baba Sharifa

Mjukuu wangu Anjela anafanya kazi mjini, kwenye ofisi yenye lifti. Alipokuja kunisalimia mara ya mwisho alikuwa amevaa saa ambayo haikuridhika na kusema saa tu, ilikuwa inahesabu na hatua zake. Akanieleza kwamba kazini kwao wameanzisha mpango wa afya. Kila mfanyakazi anachagua lengo la mwili wake, huyu kupunguza tumbo, yule kulala mapema, na saa inapeleka habari zake kwa wakubwa. Wenzake wawili, alisema, wakifika nyumbani wanaivua na kuwavalisha watoto wao, watoto wakimbizane uani, hatua zihesabiwe kwa baba.

Nilicheka mpaka meno yangu ya bandia yakahama. Anjela akaniuliza nacheka nini, na kwa kuwa alikuwa anawahi basi la kurudi, sikupata nafasi ya kumjibu sawasawa. Namjibu hapa. Na ninyi wengine mnaoanza kazi, hasa mtakaopewa watu wa kuwasimamia, vuteni vigoda mkae. Hayo ya kuwahimiza wafanyakazi watunze miili yao niliyafanya mimi zamani za Mwingereza, huko juu Newala, na nilianza kwa kuyaharibu.

Nilikuwa dresa. Msitafute kazi hiyo siku hizi, hamtaiona. Dresa aliosha vidonda, alifunga bendeji, aligawa kwinini, alichemsha sindano, na aliandika majina ya wagonjwa kwa mwandiko wa kupendeza. Nilijifunza misheni kwetu Masasi, mahali alipobatizwa babu yangu, kwa sista mmoja Mwingereza aliyeamini kwamba bendeji iliyofungwa ovyo ni dhambi ya kuungamwa. Nami nawapa bure alichonifundisha kwa ukali. Bendeji ya mguu inaanzia vidoleni kupanda juu, haianzii juu kushuka. Ukimaliza, bonyeza ukucha wa kidole gumba halafu uachie. Wekundu ukirudi upesi, umefunga vizuri. Usiporudi, umemfunga mtu kama mzigo wa kuni, fungua uanze tena.

Kambi niliyopelekwa ilikuwa inalaza mabomba ya chuma kutoka bondeni, kwenye chemchemi, kupandisha maji juu Newala. Wanaume wanane walibeba bomba moja mabegani, kwenye njia ya mteremko ambao mbuzi mwenyewe anaupanda kwa kufikiri. Mkubwa wa kazi alikuwa Mwingereza mrefu ambaye watu walimwita Bwana Haraka, kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili alilolijua vizuri kuliko yote. Chini yake alikuwa nyapara, Mzee Nambunga, Mmakonde wa hapohapo Newala, mtu mfupi, mpole, asiyepaza sauti. Chini ya nyapara walikuwa wabeba mabomba. Mimi sikuwa chini ya mtu wala juu ya mtu. Nilikuwa na kibanda changu cha makuti, sanduku la dawa, na majivuno ya umri wa miaka ishirini na mbili.

Siku moja Bwana Haraka aliniita. Watu wanaugua mno, akasema. Leo huyu homa, kesho yule mgongo, na mabomba yanatakiwa yafike juu kabla ya mvua. Akanitaka nifanye mpango, watu wawe na afya, haraka. Nikarudi kibandani nimevimba kwa furaha. Jioni ile ile nikaandika amri tatu kwa wino mwekundu, na asubuhi nikawasomea wafanyakazi wote wakiwa wamesimama mstari.

Amri ya kwanza ilikuwa kwamba kila mtu aoge mwili mzima mara mbili kwa siku.

Kwa anayeijua Newala sihitaji kuendelea. Kwa asiyeijua, nchi ile ya juu haikuwa na mto wala kisima. Maji yalifuatwa bondeni. Mwanamke alitoka alfajiri na mtungi au debe, akashuka, akangoja zamu kwenye chemchemi, akapanda, akafika nyumbani jua limeshakomaa, na maji yale ndiyo ya kupikia, ya kunywa, ya mtoto na ya kuku. Mimi ni mtoto wa Masasi, nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kisima. Niliwasomea amri ile watu ambao walikuwa wanavunja migongo kila siku kuyaleta maji hayo hayo ambayo mimi niliwaambia wayaoge.

Hawakunikasirikia. Walicheka. Mmoja alikaa chini kabisa akashika mbavu. Mwingine akaniuliza kwa adabu, kofia mkononi, kama mkewe akirudi na debe niende mimi nikamweleze kwamba ni la kuoga. Amri ya pili, ya mazoezi ya viungo kila asubuhi kabla ya kazi, haikusikika vizuri kwa kicheko, na siku ya kwanza ya mazoezi walikuja watatu, wawili kati yao wakidhani kuna chai. Ya tatu sikuisoma. Nilikunja karatasi nikaenda nyuma ya kibanda kuvuta sigara, maana nilikuwa mvutaji mzuri wakati ule, pakiti nzima kwa siku.

Mzee Nambunga akanifuata huko. Akakaa juu ya bomba, akanusa ugoro wake. Kisha akaniuliza kama kuna mtu yeyote kati ya wale niliyemuuliza anataka nini.

Nikamwambia wanataka afya, nani asiyeitaka.

"Afya ni neno lako na la Bwana Haraka," akasema. "Waulize wanataka miili yao iwafanyie nini. Kila mtu atakwambia lake."

Nilibeza, lakini sikuwa na mpango mwingine. Kwa hiyo kila aliyekuja kufungwa kidonda au kupewa kwinini nikawa namuuliza swali lile, na majibu yakanishangaza. Danieli, fundi wa kuyeyusha risasi ya kuzibia maungio, alitaka kutafuna korosho za kuchoma upande wa kushoto kama zamani. Nilimng'oa jino moja bovu na lengo lake likatimia saa hiyo hiyo. Silvano, msimamizi wa koleo na sururu, aliapa mbele ya watu kwamba hataonja uraka, ile pombe ya mabibo, mpaka bomba lifike juu. Tukampongeza sana. Ilichukua wiki mbili nikumbuke kwamba ulikuwa mwezi wa tano, mabibo hayajaiva popote, na hata shetani mwenyewe asingepata uraka Newala nzima. Nilipomuuliza, alisema kwa uso mkavu kwamba mtu mwenye busara huanza na kilima kidogo.

Halafu akaja Bakari, Baba Sharifa, na hapo kicheko kikanikauka.

Bakari alikuwa mbeba bomba wa mbele. Yule wa mbele ndiye anayechagua njia kwa nyayo zake, wengine saba nyuma hawaoni kitu. Alikuja na kitambaa cheusi kimefungwa chini ya goti, na nilipokifungua nikajua kwa harufu kabla ya macho. Lilikuwa donda ndugu, kubwa kama kiganja, kingo zimenyanyuka. Alikuwa amelificha miezi miwili kwa sababu mgonjwa aliachishwa kazi. Wiki hiyo hiyo daktari wa wilaya alipita kambini, akalitazama, akasema atarudi baada ya siku thelathini. Akikuta linafunga, vyema. Akikuta halifungi, Bakari atapelekwa hospitali kubwa ya pwani. Hakusema watamfanya nini huko, ila wote tulimjua mtu mmoja aliyekwenda huko na miguu miwili akarudi na mmoja.

Nilimuuliza Bakari swali langu la kila siku. Nilidhani atasema anataka kupona.

"Nataka nimbebe mama yangu," akasema. "Nimpandishe juu ayaone maji yakitoka."

Mama yake alikuwa maarufu. Maisha yake yote aliyafuata maji bondeni, na siku moja, akiwa ameshazeeka, alitua mtungi wake pale chemchemini akatangaza kwamba hapandi tena. Kama maji hayataki kuja kwangu, alisema, nitahamia kwao. Akajengewa kibanda karibu na mdogo wake, akakaa. Sasa magoti yalikuwa yamekufa, hata angetaka kupanda asingeweza. Mwanawe alikuwa akibeba mabomba kumpita mlangoni kila siku, na alikuwa amemwahidi kwamba bomba la mwisho likifika, mzigo utakaofuata ni yeye.

Mtu wa kidonda kile alitakiwa alale mguu juu. Lakini asiyefanya kazi aliondolewa. Mzee Nambunga akatengeneza njia. Akamweka Bakari kwenye kazi ya kusokota katani, zile nyuzi zinazoshindiliwa kwenye maungio ya mabomba kabla risasi haijamiminwa. Kazi hiyo hufanywa umekaa. Bwana Haraka alipouliza kwa nini mtu mwenye nguvu vile amekaa, nyapara alimjibu kwamba katani ikisokotwa vibaya bomba litavuja, na Bwana Haraka aliogopa kuvuja kuliko alivyoogopa malaria. Ninyi mtakaosimamia watu, ikumbukeni kazi ya kukaa. Kila mahali pa kazi ipo, na mara nyingi imekaliwa na mtu mzima wa afya.

Ni pale kwenye katani ndipo mpango wetu ulipozaliwa. Nilikuwa nalalamika kwa Mzee Nambunga kwamba watu wananieleza malengo yao vizuri halafu wanasahau hata Jumatano haijafika. Akaokota kipande cha kamba miguuni pa Bakari akaanza kupiga mafundo. Akanieleza desturi ya pale juu. Mtu akisafiri, kwenda pwani au kwa ndugu ng'ambo ya Ruvuma, anakata kamba mbili sawa. Kila moja anaipiga mafundo idadi ya siku atakazokaa. Moja anakwenda nayo, pacha yake anamwachia mke. Kila asubuhi huyu anafungua fundo moja huko aliko, na huyu anafungua moja nyumbani. Mke akifika fundo la mwisho anachinja kuku, maana mume yuko njiani.

Mimi nikaona hapo hapo. Kila mfanyakazi akapata kamba mbili za katani na mafundo ya siku zake. Moja alikaa nayo mwenyewe mfukoni. Pacha yake niliitundika kwenye msumari kibandani kwangu. Siku uliyotimiza ulichojiahidi, unafungua fundo kwako na kuja kufungua kwangu. Siku uliyoshindwa, unaliacha, na hakuna anayekuuliza. Hilo la kutouliza lilikuwa sharti la nyapara. Ndani ya wiki moja ukuta wangu ulikuwa na kamba thelathini na kitu. Watu walipita asubuhi wakifungua mafundo na kutaniana. Waliniuliza kamba yangu iko wapi, nikawaambia dresa hahitaji kamba, nikaenda kuvuta sigara.

Bakari alipiga mafundo thelathini. Kila siku alikuja nimwoshe kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikampaka dawa, nikamdunga sindano ya penisilini kwa siku zile nilizokuwa nayo. Nilimwagiza ale kunde na kisamvu kwa wingi, na nyumbani mkewe, Mama Sharifa, akawa anamchemshia maji ya kuosha jioni, maji aliyoyafuata mwenyewe bondeni. Fundo la kumi na mbili lilipofunguliwa kingo zilikuwa zimelala. Nyama nyekundu, safi, ilikuwa inapanda kutoka chini. Nilikuwa karibu kuimba.

Siku ya kumi na tatu Bakari hakuja. Ya kumi na nne hakuja. Ya kumi na tano alikuja akiburuta mguu, bendeji imeloa damu, na kingo zimesimama tena. Nikamfokea. Alingoja nimalize, kisha akasema mkewe ameondoka. Amemchukua Sharifa na mdogo wake, amekwenda kwa mjomba wake Kitangari, na yeye Bakari amemfuata kwa miguu kwenda na kurudi, na hakufunguliwa mlango. Nikamuuliza wamegombana nini. Akasema hajui. Alichoambiwa na mjomba nyuma ya mlango ni aende huko aliko na kamba yake.

Mzee Nambunga alikuwa anasikiliza. Nilimwona akishika kichwa.

"Dresa," akasema, "pacha ya kamba yake iko wapi?"

Nikamwonyesha msumarini.

Basi akanieleza, polepole, kama anavyoelezwa mtu aliyetoka Masasi. Mama Sharifa alikuwa akifua shati la mumewe. Akakuta mfukoni kamba yenye mafundo ya safari. Mafundo kumi na manane yamebaki. Mume hajamwambia neno la safari. Na kamba huwa mbili, kila mtu anajua huwa mbili, na ya pili yeye hana. Nchi ile wanaume wengi walikuwa wakiondoka kimya kwenda kukata mkonge mbali, na wengine hawakurudi. Kwa hiyo mume wake anasafiri, na kuna mwanamke mwingine mahali fulani ambaye kila asubuhi anafungua fundo.

Mwanamke huyo nilikuwa mimi.

Nikiandika hivi mtacheka, na hata mimi nacheka sasa, lakini siku ile sikucheka. Nilikuwa nimechukua desturi ya watu, nikaitumia nusu, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyomvunjia mtu nyumba. Bila Mama Sharifa hapakuwa na maji ya jioni, wala kunde, wala wa kumkataza Bakari kutembea. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tano daktari arudi. Nilipata hofu ambayo sijawahi kuipata tena katika kazi, kwa sababu nilijua mguu ule ukikatwa, nimeukata mimi.

Nikamtundikia Bakari mguu kwenye kamba kutoka dari ya kibanda ili asitembee, nikamwacha na nyapara. Nikachukua kamba ile ya msumarini nikaenda Kitangari kwa miguu juani. Nilikuta nyumba ya mjomba pembeni ya mikorosho michanga, na yeye mwenyewe, Mzee Hamisi, amekaa barazani akisuka mkeka, kama vile alikuwa ananingoja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye dresa."

Nikasema ndimi. Nikaanza kueleza mpango wa afya, kwinini, siku za wagonjwa, Bwana Haraka. Nilieleza vizuri sana, kwa Kiswahili cha misheni, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kusuka. Nikaona siendi popote. Nikaacha maneno, nikatoa kamba mfukoni nikaiweka juu ya mkeka wake. Mama Sharifa alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Akaitazama ile kamba. Akaleta ile aliyoitoa mfukoni mwa mumewe, akazilaza sambamba. Ya kwake mafundo kumi na manane, na ya kwangu kumi na manane.

Nikawaambia mke mwenzake ni mimi, na anisamehe. Nikawaambia Bakari haendi popote, anataka mguu wa kumpandishia mama yake. Nikawaeleza siku zilizobaki na ahadi ya daktari. Mama Sharifa alikaa chini pale pale kizingitini, akafunika uso kwa kanga. Sikujua analia au anacheka. Aliponieleza miaka mingi baadaye, alisema vyote viwili.

Mzee Hamisi aliweka mkeka pembeni. Sikutegemea hukumu aliyoitoa. Nilidhani atanitoza faini.

"Kamba hii ni ya nini kwako?" akaniuliza. "Wewe unakaa na Bakari wakati wa kazi tu. Anayemwona akila na akilala ni huyu. Pacha inakaa nyumbani."

Akaiokota kamba yangu, akampa mpwa wake. Ndiyo hivyo tu, na ndilo somo kubwa nililolipata katika kazi yote ya udresa, kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kushika hata chupa ya dawa. Lengo la mwili haliishi kazini. Likifungiwa kazini linageuka siri nyumbani, na nyumba haipendi siri.

Mama Sharifa alirudi siku ile ile, akinipita mbio njiani, mtoto mgongoni na Sharifa mkononi. Nami nilipofika kambini nikazishusha kamba zote misumarini. Kila mtu alipeleka pacha yake nyumbani, akamweleza mkewe au dada yake au mama yake anachotaka. Hapo ndipo mpango ulipoanza kufanya kazi kweli. Mke wa Silvano alipopewa kamba ya uraka alicheka, akaongeza mafundo mengine mpaka msimu wa mabibo upite. Silvano alikuja kunilaumu. Aliutumikia msimu wote ule akiwa mkavu kama kuni, na alinikasirikia mpaka Krismasi.

Bakari hakuruhusiwa hata kwenda uani peke yake. Mama Sharifa alimlinda. Alimwosha, akamlisha kunde mpaka akasema ananuka kunde, na asubuhi alimpakia kwenye baiskeli ya jirani akamsukuma mpaka kwenye katani yake. Daktari aliporudi, zile siku tulizozipoteza zilikuwa bado zinaonekana. Kamba ilikuwa na mafundo matatu na kidonda kilikuwa na uwazi kama sarafu. Daktari aliinama, akabonyeza kingo, akanitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake. Akasema kinafunga, niendelee. Alipoondoka Bakari aliniuliza mara tatu kama nimesikia sawasawa Kiingereza chake.

Mafundo mawili alifungua wiki iliyofuata. La mwisho aliliacha.

Bomba la mwisho lilifika mvua ikiwa mawinguni. Asubuhi ya kufungua maji tulishuka bondeni watu wanne: Bakari, Mama Sharifa na pacha ya kamba, Mzee Nambunga, na mimi na sanduku langu. Bibi, mama yake Bakari, alikuwa amekaa mlangoni amekwisha kuvaa, ndonya yake, kile kigingi cha mdomo wa juu wavaacho bibi wa Kimakonde, imepakwa mafuta. Bakari akachuchumaa, bibi akapanda mgongoni, mkewe akamfunga kwa kanga kama anavyofungwa mtoto. Wakaanza kupanda. Mimi nilikuwa nyuma, macho yangu hayatoki kwenye mguu ule wenye kovu jeusi chini ya goti. Katikati ya mteremko Bakari alisimama kupumua, na moyo wangu ukasimama naye. Nikamsikia bibi akimuuliza mwanawe kama wabadilishane, ambebe yeye kidogo.

Kule juu Bwana Haraka alikuwa na hotuba. Aliifupisha, kwa sababu bomba lilianza kukohoa. Likatoa upepo, likatoa maji mekundu ya kutu, kisha likatoa maji. Bibi akateremshwa, akapewa kikombe, akakiinamisha chini ya ndonya kwa ustadi wa siku zote, akanywa, akafikiri.

"Hayana ladha," akasema. Akanywa tena. "Lakini hayakuniumiza magoti."

Mama Sharifa akamtolea kamba, na bibi akalifungua fundo la mwisho mwenyewe. Vidole vilikataa, akatumia meno, na meno yalikuwa mawili. Bakari aligeuka akatazama upande mwingine. Mimi nililia waziwazi na sioni aibu kulisema.

Bibi akanivuta shati niiname. Nikadhani ananibariki. Akaninusa.

"Wewe ndiye unayewauliza watu," akasema. "Wewe mwili wako unataka ukufanyie nini, na moshi wote huo?"

Miezi yote ile niliwauliza watu wazima swali lile, na sikuwahi kujiuliza. Bibi akaikata ile kamba ya mwanawe vipande viwili, akapiga mafundo saba huku na saba huku, akaniuliza pacha ya kwangu anakaa nayo nani. Nikasema sijaoa. Basi itakaa kwangu, akasema, kwa kuwa kuanzia siku ile alikuwa anahamia kwa mwanawe, hatua chache kutoka kwenye bomba.

Anjela, saa yako ni nzuri, nimeitamani. Ila ukija tena nitakuuliza pacha yake iko kwa nani.

Nilifungua fundo la kwanza na la pili, na siku ya tatu nilivuta. Bibi hakujua. Kila asubuhi alifungua lake akiamini nami nafungua, na siku ya saba akachinja kuku, maana desturi ni desturi. Nikaitwa. Nikakaa mbele ya sahani, mchuzi unanukia, nikaisukuma kando, nikamwambia ukweli. Akasema nile tu, kuku hana habari. Nilipomaliza akaniletea kamba mbili mpya. Nilikula kuku wanne wa bibi yule nikiwa mvutaji. Wa tano nilimla kwa haki.